Udumavu wa Iringa si ncha ya siwa barafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno juu ya msemo mmoja wa Kiingereza ambao wataalamu wanaotutembelea vijijini wameuzoea mno. Hivi karibuni, katika mkutano wa kijiji huku Kilolo, mtaalamu mmoja alitusomea hali ya udumavu wa watoto, akafunga daftari na kusema kwamba hiyo ni "tip of the iceberg" tu. Mzee aliyeketi jirani yangu aliomba nimfasirie. Nilipomwambia ni ncha ya siwa barafu, akaniuliza kama ni baridi ya huku inayodumaza wajukuu wake.

Waliouanzisha msemo huo hawakukosea, kwani siwa barafu, yaani pande kubwa la barafu linaloelea baharini, huonyesha juu ya maji takriban sehemu moja ya kumi na kuzamisha tisa zilizobaki; ndiyo maana ncha yake husimama badala ya sehemu ndogo ya tatizo kubwa lililojificha. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 30. Tangu lini zaidi ya nusu ikaitwa ncha? Tena msemo wenyewe humpa msemaji sifa ya kuona mbali bila kumlazimu kutaja anachokiona.

Nasi tunakiona mchana kweupe. Msimu wa palizi mama huingia shambani alfajiri, na mtoto wa miezi minane hubaki na dada yake wa miaka saba pamoja na chupa ya uji wa sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe pe, bila karanga wala maziwa, na uji huohuo uliopoa ndio anaonyweshwa hadi jioni. Mayai ya nyumba hiyo yamepangwa kwenye trei yakisubiri basi, kwa kuwa fedha ya mayai ndiyo fedha ya mbolea, na mwenye kauli juu ya fedha hiyo mara nyingi si mama. (Mahindi tunayo ya kula na ya kuuza, kwa hiyo tusisingizie njaa.) Siku 1,000 za mwanzo wa uhai, tangu mimba kutungwa, ambamo udumavu hujengeka, huishia humo.

Hakuna aliyetuuliza habari za mayai siku ile. Mkutano ulipokwisha, mgeni wetu alinunua trei mbili kando ya barabara, akaziweka kwa uangalifu kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Msomaji wako,
Kilolo, Iringa