Filimbi Imegoma Kulia? Soma Hapa Kabla ya Kuirudisha Dukani

Mwezi haupiti bila mteja kuingia dukani kwetu hapa Mwanza akiwa ameishika filimbi kwa ncha za vidole: "Hii mmeniuzia mbovu." Tunaipokea, tunaikung'uta, tunaimulika, na mara nyingi anaondoka nayo ikiwa inalia. Ilikuwa imejaa mate au vumbi la uwanja. Wakati mwingine ni nzima kabisa, ila imenunuliwa kwa kazi isiyo yake. Hapo lawama ni yetu, maana ni sisi tulioshindwa kuuliza.

Tuanze na kinachoiliza. Ukipuliza, pumzi hubanwa kwenye upenyo mwembamba wa mdomo wa filimbi, ikatoka kama utepe na kugonga ukingo mkali wa lile tundu la juu. Pale ukingoni haitulii: mara inazama ndani ya chumba, yaani uwazi wa ndani ya filimbi, mara inatoka nje, maelfu ya mara kwa sekunde. Mtikisiko huo ndio mlio. Chumba kikiwa kidogo, sauti inakuwa nyembamba. Kijibomba cha sentimita 4 kilichozibwa upande mmoja hulia kwa hezi 2,100 hivi, yaani mitikisiko 2,100 kwa sekunde. Kikate nusu, hezi zinakuwa mara mbili. Na sikio la binadamu liko makini zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, ndiyo maana kidude kinachoenea kiganjani kinapenya mngurumo wa injini ya mtumbwi na kelele za mashabiki uwanjani Kirumba, wakati mwenye kifua chake akipaza sauti anaambulia kukauka koo.

Ukishaelewa hapo, magonjwa ya filimbi unayajua mwenyewe. Chochote kinachokaa kwenye upenyo au kugusa ule ukingo kinaua sauti. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikung'ute, iache ikauke. Usichokonoe kwa sindano, utakwaruza ukingo. Ya plastiki iliyotafunwa mpaka mdomo umebonyea haina dawa, nunua nyingine (walimu wa michezo wanajua tunachosema). Na kuna kosa ambalo tunaliona hata kwa walinzi wazoefu: kidole kimefunika tundu. Hapo utapuliza mpaka mishipa ya shingo isimame.

Sasa gololi. Filimbi ambayo wengi tumekua nayo, yenye kidude kinachorukaruka ndani, ilianza kutengenezwa na Joseph Hudson wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1884. Gololi inaziba na kuzibua tundu kwa haraka, mlio unakatikakatika, na sikio haliuzoei upesi. Ni ubunifu mzuri, lakini una udhaifu. Gololi za zamani zilikuwa za gome lile lile la vizibo vya chupa za mvinyo, likinywa mate linavimba. Hata za plastiki hukwama kwa tope, na ukipuliza kwa nguvu za hasira gololi inaweza kujibana mahali pamoja, ukabaki na pumzi tu.

Aliyeonja aibu hiyo mbele ya watu ni Ron Foxcroft, mwamuzi wa mpira wa kikapu kutoka Kanada. Mwaka 1984, katika mechi ya kufuzu Olimpiki huko Brazil, aliona faulo, akapuliza, filimbi ikakwama. Mashabiki walimjia juu. Kufikia 1987 alikuwa sokoni na filimbi isiyo na gololi, Fox 40, yenye vyumba vitatu ambavyo sauti zake hazilingani sawasawa, zikigongana zinatoa mtetemo ule ule bila kitu cha kukwama. Wazo la kugonganisha sauti si geni: filimbi ya polisi wa London, pia kazi ya Hudson, ina mirija miwili iliyopishana urefu kidogo.

Kwa hiyo ukija dukani tutakuuliza: unaipeleka wapi?

Mwamuzi akitaka ya gololi hatumkatalii. Wapo wanaosema ile "inaongea": unaigusa kidogo kwa faulo ndogo, unaikoleza kwa penalti. Ila uwanja wa matope wakati wa masika, sisi tungebeba isiyo na gololi.

Ziwani hatuna mjadala. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila jaketi okozi liwe na filimbi iliyofungwa kwa kamba. Mtumbwi wako huenda hauguswi na kanuni hizo, lakini maji ni yale yale. Chukua ya plastiki, isiyo na gololi. Ikizama, igeuze, ikung'ute, puliza. Na tafadhali, msiwape watoto wacheze nayo halafu jaketi lirudi ziwani na kamba tupu. Meli kubwa nazo zina lugha yake ya honi: mlio 1 mfupi, nageukia kulia, 2, kushoto, 3, injini zinarudisha nyuma, 5 za harakaharaka, sielewi unachotaka kufanya. Ukiusikia wa mwisho na uko ndani ya mtumbwi, basi huenda wewe ndiye hueleweki.

Anayekwenda Kilimanjaro tunampa ya plastiki pia, kwani chuma kwenye baridi kali hung'ang'ania midomo. Ishara inayotumika sana milimani ya kuomba msaada ni milio 6 ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha tena. Anayekujibu hupiga 3.

Walinzi na vijana wa ulinzi shirikishi huuliza hasa umbali. Maandishi ya pakiti yanayosema inasikika kilomita kadhaa msiyaamini kirahisi. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, na nyumba, miti na upepo vinakula zaidi. Karibu nayo ni hadithi nyingine: filimbi nzuri hupita desibeli 100, kwa hiyo usiipulize ukiwa umeegemea sikio la mtu.

Filimbi iliyokwishaingia mdomoni haturudishi, ni suala la afya. Badala yake tunakujaribishia kaunta kwa pampu ya kujazia maputo, usikie kabla hujalipa. Isipokuwa ile ya mbwa. Mlinzi mmoja alituletea ya kwake akilalamika kwamba tangu ainunue haijatoa hata mlio. Ile hulia juu ya hezi 20,000, ambako sikio la mtu limeshafika mwisho na la mbwa bado lina safari. Tulimwomba aipulize tena, hapo hapo mlangoni. Mbwa wa jirani muuza samaki akainua kichwa.