YAH: Kozi ya ukufunzi inayotoa cheti bila kumwona mshiriki akifundisha

Kwa Mkurugenzi wa Mafunzo,

Sisi washiriki wa kozi yenu ya mtandaoni, inayowaandaa wauguzi, madaktari na wafamasia kuwa wakufunzi, hatujaridhishwa na huduma tuliyolipia.

Kubwa ni upimaji. Kila moduli inaishia kwa maswali ya kuchagua jibu, yanayosahihishwa na kompyuta. Piramidi ya George Miller ya mwaka 1990 ya kupima umahiri wa mtaalamu wa afya, ambayo mnaifundisha wenyewe, ina ngazi nne: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha, na kutenda kazini. Maswali yenu hayavuki ngazi ya pili. Mtu anaweza kupata alama zote na bado asiweze kumsahihisha mwanafunzi mbele ya mgonjwa bila kumdhalilisha.

Video ya hatua nne za Peyton za kufundisha ujuzi wa vitendo nayo ina kasoro. Kwanza mwalimu hufanya kazi yote kimya, kwa kasi ya kawaida. Kisha hurudia polepole akieleza. Hatua ya tatu mwanafunzi huelekeza na mwalimu hutenda. Mwisho mwanafunzi hutenda mwenyewe. Ninyi mmechanganya mbili za mwanzo, na ya tatu mmeiruka. Hiyo ndiyo inayofichua pengo: katika kutoa damu, mwanafunzi asipotaja kulegeza mpira uliofungwa mkononi kabla ya kuchomoa sindano, mwalimu analigundua hilo kabla mgonjwa hajaguswa.

Kuhusu mrejesho wa mipango ya somo, “vizuri, endelea” si mrejesho. Mrejesho utaje kilichoonekana, athari yake kwa mwanafunzi, na cha kubadilisha.

Tunaomba kila mshiriki arekodi somo la dakika 10 kwa simu, akimfundisha mwenzake na si kwa mgonjwa halisi, kwa sababu za faragha. Ubora wa kawaida wa video, 480p, unatosha. Mfumo uendelee kupokea faili pale mtandao ulipokatikia. Sasa unaanza upya, na wanaotumia bando ndio wanaoumia. Mkufunzi alitazame kwa fomu ya vigezo tuliyopewa mapema, kisha mshiriki arudie somo lilelile baada ya mrejesho. Bila marudio hayo, zoezi linabaki nusu.

Tujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14: marekebisho bila ada ya ziada, au turudishiwe fedha. Kwa sasa ondoeni maneno “amehitimu kufundisha” kwenye cheti, muandike “amehudhuria”.

Washiriki wa kozi