Mafunzo ya Alhamisi: saa imebadilika

Hamjambo wenzangu. Mafunzo yetu ya Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya 2016 ni Alhamisi saa mbili unusu asubuhi, si saa tatu tena. Ukumbi ni ule ule wa Ngara.

1. Chai na nakala: shilingi 300 kwa mweka hazina, mwisho Jumanne jioni.

2. Njoo na barua moja ya mwananchi ya kuomba habari iliyolala kwenye trei yako, jina ukiwa umelifunika. Tutahesabu siku pamoja: sheria inatoa siku 21 za kujibu, na saa 48 tu uhai au uhuru wa mtu ukihusika. (Muhuri wa kupokea haudanganyi, jamani!) Barua iliyoandikwa kwa Kiswahili pia ni halali, msiirudishe.

Tafadhali jibu "Nipo" au "Sipo" kabla ya kesho saa sita mchana, nijue idadi ya vikombe. Asanteni.