Kwa mwanangu anayetaka kuweka meza ya esanse Ndosho

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Bukavu. Barua yako nimeisoma. Una mtaji wa bido (madumu) nne za lita 20, na unataka kuuza esanse, yaani petroli, kwenye barabara ya kwenda mji wa Sake, pale mtaa wa Ndosho, Goma. Kazi ya kadhafi, muuza esanse wa barabarani, si ya aibu, ukipima vizuri inalisha. Ninachokuandikia ni habari ya siku Nyiragongo, mlima wetu wa moto, utakapowaka tena. Bei utakayotaja siku hiyo uwe umeipigia hesabu leo, ungali umetulia.

Kwanza ujue kwa nini bei inapanda. Esanse ya Goma inatoka mbali, bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na inakuja kwa lori. Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava ilikata barabara ya Rutshuru, njia ya malori yanayotoka Bunagana. Tarehe 27 gavana akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Basi mafuta yanaacha kuingia, na saa hiyohiyo kila mwenye pikipiki au gari anataka kujaza tangi akimbilie Sake. Hapo bei ikipanda kuna sababu. Kinachobaki ni kiasi gani.

Fanya hesabu kwa bido moja. Tarakimu hizi ni za mfano, wewe weka za siku yako. Umenunua lita 20 kwa faranga 3.500 kila moja, ni 70.000. Motari, mwenye pikipiki wa kukuletea, 4.000. Malipo yako kwa bido 5.000. Jumla 79.000. Lakini hutauza lita 20: nusu lita inapotea kwa mvuke, kwa kumwagika na chini ya bido. Gawa kwa 19,5, unapata kama 4.050. Hiyo ndiyo bei yako kwa lita. Sasa njia imekatika, muuzaji wa jumla anakuuzia lita kwa 4.500 na motari anataka 8.000. Inakuwa 90.000, na 8.000, na 5.000 zako zilezile, jumla 103.000, gawa kwa 19,5, ni kama 5.300. Jirani yako akiuza 10.000, zile 4.700 za juu hazikutoka barabarani wala depo. Zimetoka kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni na hana muda wa kupatana bei.

Utaniuliza: na bido niliyonunua kwa bei ya zamani? Hapa wenye biashara wanabishana sana, nami sitakudanganya kwamba ni rahisi. Ukiiuza yote kwa 4.050, ukatoa malipo yako na 8.000 za motari, pesa inayobaki itakununulia lita 14 na nusu hivi badala ya 20. Ukirudia hivyo mara chache mtaji umeisha na meza imefungwa, na mtaa haukupata faida yoyote. Kwa hiyo una haki ya kuuza bido ya zamani kwa bei itakayokurudishia bido kamili. Lakini ngoja hadi wa jumla amepandisha kweli na umeona risiti yake. Usipandishe kwa uvumi, wala kwa sababu umesikia mtu wa mtaa wa Katindo amepandisha. Na bei ya jumla ikishuka, ishushe siku hiyohiyo. Hapo ndipo wengi wanapojisahau.

Stasioni, kituo cha mafuta chenye pampu, ni jambo lingine. Kwa sheria ya Kongo, bei ya pampu inawekwa na Wizara ya Uchumi wa Taifa, kwa kanda, na sisi tuko kanda ya mashariki. Mlima kulipuka hakumpi mwenye pampu ruhusa ya kubadilisha kibao usiku. Ipo sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya bei na ushindani, na mafuta yamo katika vitu ambavyo bei yake ni ya serikali. Hila ya kawaida ni kuandika mbele “hakuna esanse” huku bido zinatoka mlango wa nyuma. Ukiuziwa hivyo, dai risiti, andika saa na bei, peleka kwenye ofisi inayosimamia bei. Bila karatasi hawatakusikiliza.

Motari nao watakuja kwako wakisema nauli imepanda kwa sababu ya esanse. Wapigie hesabu. Kutoka mjini hadi Sake ni kama kilomita 25. Pikipiki inakunywa kama lita mbili na nusu kwa kilomita 100, basi kwenda na kurudi, hata akirudi bila abiria, ni lita moja na robo. Lita ikipanda kwa faranga 4.000, safari nzima imeongezeka 5.000. Nauli ikipanda kwa 25.000, hizo 20.000 usikubali zibebeshwe esanse yako.

Esanse ikiadimika, inachanganywa. Watu wanatia mafuta ya taa au mazutu (dizeli) ili bido ijae. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, weka kivulini dakika chache: esanse safi inakauka bila kuacha kitu, iliyochanganywa inaacha doa la mafuta. Maji utayaona ukiitia katika chupa inayoonyesha ndani na kuiacha itulie. Yanakaa chini na kuchora mstari. Pikipiki iliyonyweshwa mchanganyiko inagonga, buji (plagi) inakuwa nyeusi, na kwenye mlima inakosa nguvu. Hebu fikiria ikizimika katikati ya watu wanaokimbia.

Chupa ya kupimia lita ndiyo ninayoiogopa zaidi. Itazame kitako: wengine wanakipasha moto na kukisukuma ndani, lita inapungua na macho hayaoni. Yako ipime kwa maji kwenye mizani ya muuza unga, chupa tupu kwanza, kisha yenye maji. Tofauti iwe kilo moja kamili, halafu chora alama pale maji yalipofika. Usipime kwa esanse yenyewe, maana lita yake ni nyepesi, kama gramu 750 tu.

Na moto. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji, unapita chini ya mlango hadi kwenye mbabula, jiko la makaa la jirani, kisha moto unarudi kwa njia ileile. Usijaze bido mpaka mdomoni, acha nafasi kidogo juu, kwa maana jua linaivimbisha esanse. Jaza bido ikiwa imewekwa chini, si juu ya pikipiki. Usivute mpira kwa mdomo. Weka ndoo ya mchanga karibu. Usimwage maji, yanabeba moto hadi kwenye mfereji. Na hata wezi wakizunguka usiku, usilete bido ndani unapolala.

Usinunue kamwe mafuta yaliyochotwa kwenye stasioni iliyoguswa na lava, hata wakikupa kwa bei ya bure. Tarehe 21 Januari 2002, siku nne baada ya mlipuko, watu walikuwa wakichota esanse hapo Goma, lava bado ina moto. Stasioni ililipuka, makumi wakafa.

Siku ya shida usimwuzie mtu mmoja bido nzima, maana ataiuza tena mita 50 mbele. Lita mbili kwa pikipiki zinatosha kufika Sake na kurudi. Mwenye mota ya kuvuta maji ziwani mpe kwanza na umwongezee, kwa maana mwaka 2021 sehemu kubwa ya mji ilikosa maji ya bomba, na esanse yake ndiyo bei ya maji ya wote.

Faneli ya bati na kipimo cha lita moja ninakutumia kwa boti ya Jumamosi. Kipimo usimkopeshe mtu, kikipondeka ukipime upya kwa maji.

Mama yako