Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024: kazi yetu ya nguo za midoli

Wanachama wenzangu, mama zangu, dada zangu, na kaka zetu mlioingia mwaka huu, asalaam aleykum, bwana asifiwe, habari zenu nyote. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka 2024, nimeiandika ili hata mwenzetu aliyeko Newala au Tandahimba ambaye hawezi kushuka Mtwara mjini kwa ajili ya kikao aisome kwenye simu yake kwa nafasi. Mahesabu sitayagusa, mweka hazina atayasoma mkutanoni na daftari litakuwa mezani, kila mtu aje alifungue mwenyewe. Mimi nataka kuongelea kazi yenyewe.

Mwaka ulianza vizuri alafu Mei ikatukaba. Nyuzi zetu karibu zote zinatoka Kariakoo kwa basi, na mnakumbuka zile mvua na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, mabasi hayapiti, mzigo wetu umelala Dar na huku watu wanauliza oda zao ziko wapi. Hapo ndo nawashukuru sana dada zetu wa Chuno na Magomeni, walioenda kwenye mitumba wakatafuta sweta za watoto wachanga wakazifumua, wakazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, wakaulowesha, wakauning'iniza na kitu kizito kwa chini mpaka ukanyooka, na kazi ikaendelea. Na nisema ukweli, ule uzi ni mwembamba na laini kuliko huu tunaonunua, kwa hiyo tuendelee nao hata barabara ikiwa nzima. Ila angalieni kitu kimoja kabla hamjalipa: geuza sweta ndani nje, tazama mshono wa ubavuni. Kama umepigwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushia uzi ukingoni, basi hiyo ilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kikubwa, ukiifumua uzi unatoka vipande vipande, haikufai. Kama kingo ni nzima na zimeunganishwa kwa uzi mmoja tu, hiyo chukua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelisema mwaka mzima na nitalisema tena, maana naona wageni wengi bado wanalipata kwa shida. Nguo ya mdoli siyo nguo ya mtu iliyopunguzwa. Ukishika hilo mengine yote yanafuata.

Chukua mdoli wa Barbie, maana midoli mingi inayouzwa kwenye vibanda vyetu hapa imefuata umbo lake tangu alipotoka kule Marekani mwaka 1959. Urefu wake ni kama sentimita 29, yaani ni moja ya sita ya mtu mzima, ukimzidisha mara 6 unapata mtu wa sentimita 174. Haya, sweta ya mtu ya kawaida ina vitanzi kama 22 kwenye sentimita 10. Ukitaka kuipunguza kiukweli mpaka saizi ya mdoli inabidi upate vitanzi zaidi ya 130 kwenye sentimita 10 zilezile, hapo unafumia uzi wa cherehani na macho yanakwisha. Kwa hiyo sisi hatupunguzi uzi kiasi hicho, tunachukua uzi mwembamba unaopatikana, sindano ya milimita 2, tunapata vitanzi kama 34 kwenye sentimita 10, na badala ya uzi tunapunguza mambo. Sweta ya mtu ina mistari kumi ya maua, ya mdoli weka mmoja. Kola ya kukunja iache, inakuwa nene mdoli anaonekana hana shingo. Mfuko weka mmoja au usiweke. Mshono wa bega na wa ubavu kwenye nguo ya mtu hauonekani, kwenye ya mdoli unavimba kama kamba, ndo maana nawasisitiza mfume kuanzia shingoni kushuka chini, mnaongeza vitanzi kwenye mistari minne ya mabega, mikono inatokea humohumo na hakuna cha kuunganisha.

Na hesabu ya vitanzi mwenzangu usiikadirie. Kifua cha huyo mdoli ni kama sentimita 13, ukiacha nafasi kidogo ya kuvaa na kuvua unahitaji vitanzi 48 hivi. Ukikosea vitanzi 4 tu umepoteza sentimita moja na kidogo, unaona ndogo, lakini kwa mtu hiyo ni sawa na sentimita 7, ni gauni ambalo halifungi. Fuma kwanza kipande cha majaribio, kipime kwa rula siyo kwa jicho, hata kama ni uzi uleule wa juzi, maana mkono wa mtu akiwa amechoka unabana na akiwa na furaha unalegea.

Midoli yenye umbo la mtoto mchanga, ile ya kichwa kikubwa, ina sheria yake. Nguo isiyofunguka nyuma haipiti kichwani, mtoto atavuta mpaka achane. Acha mgongo wazi moja kwa moja mpaka chini. Na zile tundu za mikononi, vidole vya mdoli vinanasa kwenye vitanzi, sasa ule ujanja wa mama yetu mmoja wa Mikindani wa kumvalisha mdoli kipande cha nailoni mkononi kwanza alafu mkono unapita kwenye sweta bila kunasa, tuwaandikie wateja kwenye kikaratasi, wanaupenda sana.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote mwaka huu ni kanga. Wengi mlianza kwa kukata kipande cha kanga ya kawaida na kumfunga mdoli, na mkaona wenyewe haikai. Kanga halisi ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu, ya mdoli ni sentimita 25 kwa 18, sasa ukikata kipande hicho kwenye mji, yaani ile sehemu ya kati ya kanga, unapata nusu ya korosho au robo ya ua, pindo huna, jina huna, yale maneno ya kanga, na kanga isiyo na pindo wala jina hiyo siyo kanga ni kitambaa tu. Dada zetu wa Shangani wakaja na namna nyingine. Wamechukua kitambaa chembamba cha pamba cha rangi moja, pindo wamelishona kwa mkono pande zote nne kwa uzi mmoja, mji wameweka kitu kimoja katikati, bibo na korosho yake inaning'inia, na jina wamelitarizi kwa herufi za milimita 4. Herufi hizo ni mistari tu, haina mapambo, na majina marefu hayaingii kwa hiyo wanachagua mafupi. Niliiweka ile ya kwanza kwenye kiganja nikaisoma bila miwani. Tulipozipeleka Nanenane kwenye viwanja vya Ngongo kule Lindi akina mama walikuwa wanasimama, wanachukua, wanasoma jina kwa sauti, wanaitana. Na walinunua doti, siyo moja, maana mwanamke wa pwani hanunui kanga nusu hata kama ni ya mdoli.

Hapo ndo likazaliwa wazo la mdoli wetu wenyewe na ningependa mwaka 2025 tulifanye kazi kweli. Tunawafumia wanasesere wa watu, ngozi siyo yetu, nywele siyo zetu, kiuno hakuna mama wa Tandahimba mwenye kiuno kile. Mafundi wetu wa cherehani wameshashona sampuli, mdoli wa kitambaa cha kahawia, mwenye makalio na tumbo kidogo, anabeba mtoto mgongoni kwa mbeleko. Ndani tulijaribu sufi ya misufi ya hapahapa, ni nyepesi na mdoli anakuwa laini ajabu, ila akilowa sufi inashikana mabonge na haikauki upesi, kwa hiyo naona sufi ibaki kwa midoli ya kukaa kabatini na ya kuchezea tujaze nyuzi za mito.

Lipo suala la sura ambalo hatujakubaliana na naliweka wazi hapa. Baadhi yenu mnataka mdoli wa bibi wa Kimakonde awe na chale usoni na ndonya, lile pambo la kuchomeka, kwenye mdomo wa juu kama bibi zetu wa zamani, tunatarizi chale kwa uzi mweusi na ndonya tunashona. Wengine mmesema itaonekana tunawacheka wazee. Mimi msimamo wangu ni kwamba wachonga vinyago wetu wamewachonga bibi hao kwenye mpingo miaka yote kwa heshima na sisi tunaweza, lakini kwanza tuende kwa wazee wa Newala na wa Mtwara vijijini tuwaulize mistari ile inakaaje na tusibuni tu ya kwetu, maana chale zina mpangilio wake. Mpaka hapo mdoli huyo asiuzwe.

Nikishataja wachonga vinyago, vile vifungo vya vipande vya mpingo walivyotuchongea ni vizuri mno, vyeusi, vinang'aa, milimita 6. Ila jamani sikilizeni. Kifungo hicho mtoto mdogo akiking'oa anakimeza au kinamkaba. Kule nje wana kipimo, kitu chochote kinachoingia chote kwenye kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7 hakiruhusiwi kwenye toi la mtoto wa chini ya miaka 3. Vifungo vyetu vinaingia vyote, shanga zinaingia, vile viatu vya kufuma vinaingia. Kwa hiyo nguo ya mdoli wa mtoto mdogo tufunge kwa utepe mfupi ulioshonewa, au lastiki, na vifungo vya mpingo vibaki kwa wakubwa na wakusanyaji. Hili halina mjadala kwangu, na mwanachama atakayeuliza mteja mtoto ana umri gani kabla hajachukua oda huyo ndo anafanya kazi ninayoitaka.

Lipo pia la uzi mwekundu. Muuzaji alituhakikishia rangi haichuji, tukafuma magauni, midoli ikavalishwa ikawekwa dirishani kwenye jua, baada ya wiki chache wenye midoli wakavua wakakuta mabega na mikono ya plastiki yamekuwa ya pinki na haitoki kwa sabuni. Tulirudisha hela. Kuanzia sasa uzi wowote wa rangi kali, mwekundu, mweusi, bluu ya kanga, unaloweshwa kwanza, unafungwa kwenye kitambaa cheupe usiku mzima, kitambaa kikipata rangi unaendelea kuosha mpaka kiwe cheupe, kisipokuwa cheupe uzi huo ni wa midoli ya kitambaa yenye rangi hiyohiyo au tunarudisha dukani.

Bei. Mnauza rahisi mno, na najua kwa nini, mteja anashika kagauni anasema kadogo hivi mbona ghali, na wewe unaona aibu unashusha. Usishushe. Gauni la mdoli lina masaa ndani yake, tena masaa ya macho, uzi ni kitu kidogo kabisa. Kila mtu aandike masaa yake kwenye kadi na bei itoke humo, na msimu wa korosho ukifika hela ikiwepo mifukoni ndo wakati wa kuweka vitu vizuri mbele, siyo wa kupunguza bei.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisimama Aprili 2023 na mwaka huu imerudi. Haina riba. Katibu ameanza kuandaa makaratasi, anahitaji nakala za vitambulisho vya watu wote, wengi bado hamjaleta na yeye hawezi kupeleka nusu. Tukipata, mimi napendekeza cherehani moja ya ovaloki na jora za kitambaa cha mdoli wetu, siyo kugawana.

Mkutano mkuu utakuwa Jumamosi ya kwanza ya Februari pale pale tunapokutana, saa nne asubuhi. Tutachagua katibu msaidizi na mtunza stoo. Njoo na sindano zako za milimita 2, kipande chako cha majaribio kilichopimwa, na nakala ya kitambulisho, na wa Newala na Tandahimba mtakaokuja na basi la asubuhi mtume ujumbe mapema tuwawekee chakula.