Shukrani kwa mshauri wangu wa nasaha

Dada, jina lako silitaji kwa kuwa najua hupendi kutajwa, lakini shukrani zangu lazima nizitoe hadharani. Tangu tumzike mama, kila mtu alikuwa akiniambia nijikaze. Wewe hukuniambia hivyo. Uliniacha nilie mpaka nikamaliza, ukanisogezea boksi la tishu, kisha ukaniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo! Ukanifundisha pia kupumua hofu inaponibana kifuani usiku: pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, taratibu, bila haraka. Inasaidia kweli. Usingizi umerudi, na picha za mama sasa naziangalia. Asante sana, dada yangu. Mungu akuzidishie.