Asante, dada uliyetufundisha kukanda udongo wa unga

Dada uliyetuachia maelekezo ya tiba kwa sanaa, yaani kumsaidia mtoto kwa kufinyanga na kuchora, bila kuacha jina, tunakushukuru sana sisi tunaolea watoto wenye usonji na mtindio wa ubongo.

Udongo wenyewe ni vikombe 2 vya unga wa ngano, 1 cha chumvi laini, maji kama kikombe 1, kidogo kidogo. Ukiyamwaga yote kwa mkupuo donge linanata vidoleni, na mtoto anayechukia vitu vya kunata hagusi tena siku hiyo. Mwenye kidonda mkononi asubiri, chumvi inachoma. Anayetia kila kitu mdomoni akandiwe donge lisilo na chumvi, kwani chumvi nyingi ni hatari kwake. Hilo huoza upesi, litupwe siku hiyohiyo.

Mpini wa brashi tunauzungushia kitambaa mpaka uwe mnene kama gunzi, ndipo kiganja kisichokunjika vizuri kinaushika. Karatasi tunaibana kwa selotepu pembe zote nne, isiteleze.

Kubwa zaidi ni onyo lako: tusiulize "Hiki ni nini?" Tuseme, "Nieleze," kisha tunyamaze. Asiyetaka kueleza aachwe. Na mchoro ni wake, haubandikwi ukutani bila ridhaa yake.

Mungu akuzidishie, dada, popote ulipo.